Kabla Wakuzime Wakate Polipu: Uliza Kwanza Nani Anacheki Pumzi Yako

Mathe alirudi kutoka hosi na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dawa ya kuendesha, ile unakunywa usiku mzima mpaka unahamia choo. Ya pili ilikuwa fomu ya kupiga saini. Akaniwekea hiyo ya pili mezani, akavaa miwani, akauliza swali moja tu: "Hapa wameandika nitalazwa usingizi. Sasa nisipoamka?"

Mimi ndiye mtoto wake wa kusomea watu vitu kwa simu, ingawa campo nilitoka mwaka wa pili na sijarudi. Nikamwambia, "Mathe, hiyo ni kitu ndogo, watu hufanyiwa kila siku." Hakuridhika. Kusema ukweli hata mimi sikuridhika, juu nilikuwa nimebuni. Sikuwa najua chochote. Nikakaa na hiyo fomu wiki nzima nikisoma, na sasa nakuletea, kwa sababu kuna siku karatasi kama hiyo itawekwa mbele yako ama mbele ya mzazi wako, na utapewa dakika tano na biro.

Tuanze na yenyewe polipu. Ni kinyama kidogo kinachoota kwa ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Vingi havina noma. Lakini kuna aina inaitwa adenoma, ambayo inaweza kugeuka saratani polepole, mara nyingi kwa miaka kumi hivi. Daki anaingiza kamera nyembamba kwa nyuma (ndio, huko huko), anatembea na utumbo wote, akikipata anakinasa na kitanzi cha waya anakikata. Hiyo shughuli nzima inaitwa kolonoskopi. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2012 ambao ulifuata kwa miaka mingi watu waliokatwa adenoma. Waliokufa na saratani ya utumbo walikuwa pungufu kwa asilimia 53 ukilinganisha na idadi iliyotarajiwa. Asilimia 53, msee. Kwa kamera na kipande cha waya.

Na usiniambie hii ni stori ya wazee. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alituacha Julai 2019 akiwa na miaka 41, na ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Chadwick Boseman, yule wa Black Panther, aliondoka Agosti 2020 akiwa na 43, ugonjwa ni huo huo. Marekani wenyewe walishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021, juu waliona vijana wanazidi kuugua. Kwa hivyo kama daki amekuambia uende, enda. Hii makala haijaandikwa kukupea sababu ya kuhepa.

Swali la mathe lakini lilikuwa lingine. Yeye alikubali kamera, alikubali waya. Kilichomtisha ni kuzimwa.

Kuna njia mbili kubwa za kukuzima. Ya kwanza ni mchanganyiko wa zamani: midazolamu ya kukutuliza, pamoja na dawa ya maumivu kama fentanili au pethidini. Hapa hulali fofofo. Ukiambiwa ugeuke, unageuka. Ukiumia, unalia. Ila kesho yake hukumbuki kitu, kwa sababu midazolamu inazuia ubongo kuweka kumbukumbu mpya. Si unajua ile usiku umekunywa ukapitisha, ukabonga na kila mtu, ukalipa bili, ukapanda mat mpaka mtaani, halafu asubuhi unaambiwa ulikuwa unadansi juu ya meza? Mwili ulikuwa macho, lakini hakuna aliyekuwa anarekodi. Ni kitu ya hivyo, ila hapa kuna nesi.

Na ndio, fentanili ni ile ile unaskia inamaliza watu barabarani huko Marekani. Hosi inapimwa kwa mikrogramu, na ikizidi kuna dawa ya kuigeuza, naloksoni. Midazolamu pia iko na ya kwake, flumazenili. Hiyo weka akilini, tutairudia.

Njia ya pili ni propofoli. Ni nyeupe kama maziwa, kwa sababu imechanganywa na mafuta ya soya na kitu kinachotoka kwa kiini cha yai. Inaingia kwa mshipa na ndani ya dakika moja umeenda. Wakifunga bomba, dakika chache unaamka, kichwa safi, na wengine huamka wakiwa na furaha ya ajabu. Aliyeitengeneza ni Iain Glen, daktari wa wanyama aliyekuwa anafanya kazi na kampuni ya ICI huko Uingereza. Majaribio ya kwanza miaka ya sabini yaliharibika, juu kiyeyushi walichotumia kilikuwa kinaletea watu mzio mbaya. Wakaiondoa, wakatafuta njia ya mafuta, wakairudisha sokoni 1986. Mwaka 2018 Glen akapewa tuzo ya Lasker, ambayo kwa watu wa tiba ni kubwa sana. Wewe unaijua hiyo dawa kwa sababu nyingine. Ndiyo iliyomuua Michael Jackson tarehe 25 Juni 2009.

Mathe alikuwa anajua hiyo stori ya Michael, na ndiyo ilikuwa inamnyima usingizi. Kwa hivyo nilikaa hapo sana. Ukisoma kilichosemwa kortini, unaona kwamba daktari wake, Conrad Murray, alikuwa anampa propofoli nyumbani, chumbani, ili alale usiku, bila mashine za kutosha za kufuatilia pumzi. Na kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa ametoka kwa hicho chumba kidogo. Aliporudi, Michael hakuwa anapumua. Murray alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia Novemba 2011.

Sasa kumbuka ile niliyokuambia uweke akilini. Propofoli haina dawa ya kuigeuza. Na kati ya kulala vizuri na kuacha kupumua, nafasi ni nyembamba, na mtu mmoja anaweza kuivuka kwa dozi ambayo mwenzake ameipata akawa sawa. Ukivuka, kinachokuokoa ni mkono wa mtu. Anakuinua kidevu njia ya hewa ifunguke, anakuwekea oksijeni, anakupumulia kwa mfuko kwa dakika chache mpaka dawa iishe nguvu. Si kazi ya maajabu kwa mtu aliyefunzwa. Lakini lazima awe anakuangalia wakati huo huo, na daki anayeendesha kamera hawezi kuwa huyo mtu, juu macho yake yako kwa skrini anatafuta vinyama.

Hapo ndio nikadhani nimemaliza: kama kuna mtaalamu wa usingizi chumbani, basi zimwa kabisa, lala, amka, rudi keja. Halafu nikakutana na utafiti ulionifanya nirudi kusoma upya.

Ulichapishwa 2016 kwa jarida la Gastroenterology, ukiongozwa na Karen Wernli wa Seattle. Walichukua rekodi za bima za kolonoskopi zaidi ya milioni 3.1 zilizofanywa Marekani kati ya 2008 na 2011, wagonjwa wa miaka 40 hadi 64. Asilimia 34.4 ya hizo zilikuwa na mtaalamu wa usingizi, na huko kwao hiyo kwa kawaida inamaanisha propofoli, usingizi mzito. Zilizobaki ndizo zile za nusu nusu. Ungetarajia wale wenye mtaalamu wawe salama zaidi, ama? Ilitoka kinyume. Uwezekano wa kupata shida yoyote ndani ya siku 30 ulikuwa juu kwa asilimia 13. Kutokwa na damu, juu kwa 28. Na kuna kitu kinaogopwa kuliko vyote kwa hii shughuli: utumbo kutobolewa. Hiyo nayo ilikuwa juu kwa asilimia 26, lakini kwa kundi moja tu, wale waliokatwa polipu.

Soma hiyo tena. Mtu aliyeangaliwa tu akaambiwa uko sawa, usingizi mzito haukuonekana kumwongezea hatari ya kutobolewa. Aliyekatwa, ulionekana kumwongezea.

Kwa nini? Maelezo ambayo madaktari hutoa ni ya kawaida sana, hata mathe aliyaelewa haraka kuniliko. Utumbo una kona. Kamera ikifika kwa kona inaweza kujikunja na kusukuma ukuta. Mtu aliye nusu macho anasema "aiii", na daki anarudi nyuma, ananyoosha, anajaribu tena. Aliyezimwa kabisa hasemi kitu. Halafu ongeza waya, ongeza moto wa umeme unaotumika kukatia, na ukuta ambao umeshavutwa vutwa.

Lakini tusikimbie na hiyo namba kama watu wa forwadi za WhatsApp. Kwanza, kutobolewa ni kitu nadra. Tuseme kwa mfano inatokea kwa watu 10 kati ya 10,000. Ukiongeza asilimia 26 unapata karibu 13. Hao watatu ni watu, wana familia, lakini waliobaki wameenda nyumbani wakamanga. Pili, hapa hakuna aliyepiga kura nani alale vipi. Ni rekodi za bima. Inawezekana wale waliopelekwa kwa mtaalamu wa usingizi walikuwa wagonjwa zaidi, ama polipu zao zilikuwa kubwa na ngumu. Watafiti walijaribu kusawazisha hayo kwa hesabu, ila rekodi ya bima haikuambii kila kitu. Mimi naisoma hivi: haithibitishi kwamba propofoli inatoboa watu, lakini inamnyima mtu yeyote haki ya kukuambia kwamba kulala zaidi ni bure.

Kuna mwingine wa 2013, huo ni wa wazee wa bima ya serikali ya Marekani, kolonoskopi zaidi ya 165,000. Walioangaliwa na mtaalamu wa usingizi, vitu vya tumboni viliwaingia kwa mapafu mara 14 kwa kila 10,000. Wengine, mara 10. Ndio maana wanakukataza kula na kunywa kabla. Ukizimwa kabisa, ile kinga ya kukohoa kitu kikiingia njia mbaya nayo imezimwa. Kwa hivyo ile chai ya "kidogo tu" asubuhi, boss, achana nayo.

Na ili nisikudanganye, upande wa pili upo. Mwaka 2017 kulikuwa na uchambuzi uliounganisha tafiti 27 zilizolinganisha propofoli na dawa za zamani moja kwa moja. Kwa mambo ya moyo na pumzi hawakuona tofauti. Dawa ikiwa mkononi mwa mtu anayeijua, mgonjwa akiwa anafuatiliwa, zote mbili zinafika nyumbani. Norwe watu wengi hufanyiwa bila kulazwa kabisa. Uingereza wengine hupewa gesi ya kuvuta. Ni vile umezoeshwa.

Sasa kuna hii mpya, remimazolamu. Ni ndugu ya midazolamu, ila mwili unaivunja haraka, na inageuzwa na ile ile flumazenili. Marekani waliipitisha Julai 2020. Jaribio lake la kolonoskopi lilikuwa na watu 461, na matokeo yanakaa kama ya mechi ya kununuliwa: remimazolamu ilifaulu kwa asilimia 91.3, midazolamu 25.2, na waliopewa maji tu 1.7. Nilipoona hivyo nikacheka. Midazolamu imefanya hii kazi miaka mingi, inawezaje kufeli watu watatu kati ya wanne? Jibu liko kwa sheria za mchezo. Kufaulu kulimaanisha umalize bila kuongezewa dawa nyingine, na bila kupitisha idadi fulani ya dozi: midazolamu ilipewa nafasi ya dozi 3 ndani ya dakika 12, remimazolamu dozi 5 ndani ya dakika 15. Zaidi ya hapo, madaktari walikuwa wanajua nani amepewa midazolamu. Jaribio lililipiwa na kampuni yenye dawa. Sisemi dawa ni mbaya, kuamka haraka ni kitu poa sana. Nasema ukiona tangazo la "91 dhidi ya 25", jua refa alitoka na timu gani.

Kuna utafiti mwingine nataka uusome ukiwa umekaa, hasa kama wewe ni wa ile mbogi ya jioni nyuma ya keja. Ulitoka Colorado mwaka 2019, mahali bangi ni halali. Wagonjwa 250 wa kamera za tumbo na utumbo. Waliokuwa wanavuta mara kwa mara walihitaji fentanili zaidi kwa asilimia 14, midazolamu zaidi kwa karibu 20, na propofoli zaidi kwa asilimia 220. Wavutaji walikuwa wachache kwa hiyo hesabu, kwa hivyo usiishike hiyo 220 kama imeandikwa kwa jiwe. Lakini picha inaonekana. Na 2023, chama cha wataalamu wa ganzi huko Marekani kilitoa mwongozo kwamba kila mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kabla ya kulazwa.

Hapa Kenya nani atajibu hilo swali kwa ukweli? Umekaa na mzazi wako kando, nesi anauliza kama unatumia kitu, na bado ngwai ni kesi. Unasema hapana. Halafu ndani dozi ya kawaida haikushiki, wanaongeza, wanaongeza tena, hakuna anayejua kwa nini, na wewe uko karibu na ile nafasi nyembamba niliyokuambia. Pombe ya kila siku pia inaharibu hesabu hivyo hivyo. Kama huwezi kusema mbele ya mathe, omba aende akalipe bili, useme akiwa nje.

Kitu kingine kidogo, uzito. Joan Rivers, yule mchekeshaji wa Marekani, alizimwa na propofoli Agosti 2014 kwa kliniki ya New York akiangaliwa koo na tumbo. Oksijeni ikashuka, moyo ukasimama, akafa siku chache baadaye akiwa na miaka 81. Wakaguzi wa serikali walipoingia, kati ya makosa waliyoandika ni kwamba uzito wake haukuwa umerekodiwa kabla ya kupewa dawa, na kwamba waliokuwa chumbani hawakugundua kwa wakati kwamba hali yake inaharibika. Mtu alikuwa ametoa simu kumpiga picha akiwa amelala. Hakukuwa na mashine iliyokosekana kwa hizo tatu. Kulikosekana mtu wa kuangalia.

Kwa hivyo mathe alienda na maswali yake yameandikwa nyuma ya risiti ya supamaketi. Hosi ya kwanza, ambayo siitaji, aliuliza nani atakuwa anaangalia pumzi yake daki akiwa kwa kamera. Jamaa wa kaunta akamwambia, "Mama usijali, hapa ni salama." Akauliza mara ya pili. Akaambiwa usijali mara ya pili. Alikunja fomu yake akaiweka kwa mkoba, tukatoka. Mimi nilikuwa nimekasirika juu ya nauli, yeye ametulia kabisa.

Hii nchi yetu iko hivi: madaktari bingwa wa usingizi ni wachache na wengi wako miji mikubwa, lakini kuna maafisa wa kliniki na manesi waliosomea hiyo kazi ya usingizi, na wanaifanya kila siku. Kwa hivyo hauulizi kama kuna profesa. Unauliza kama kuna mtu ambaye kazi yake siku hiyo ni wewe tu, na kama oksijeni na mfuko wa kupumulia viko hapo hapo chumbani.

Hosi ya pili walimpima uzito kabla hata hajakaa. Dada mmoja akaja na faili, akajitambulisha, akasema, "Mama, mimi sitaangalia kamera. Nitakaa kichwani kwako." Mathe akamuuliza dawa gani. Midazolamu na fentanili, kidogo kidogo, na za kugeuza ziko kwa trei. Akaomba kuonyeshwa hiyo trei. Nilitaka ardhi inimeze. Yule dada alienda akaileta, bila kununa.

Walikata polipu mbili. Dada alituambia baadaye kwamba mathe alilalamika mara moja, kwa kona, na daki akarudisha kamera nyuma akanyoosha. Yeye mwenyewe hakumbuki hata kidogo. Kwa teksi aliniuliza mara tatu kama wameanza.

Majibu ya maabara yalikuja: adenoma, zote mbili, bado hazijageuka kitu. Arudi kuangaliwa baada ya miaka kadhaa, na watoto wake wakienda kwa daktari waseme mama yao alikutwa nazo. Mimi niko na 26. Nilimwambia siku yangu ikifika nitaenda, nitauliza kila kitu kama yeye, sitaficha lolote.

Akavua miwani akaniangalia. "Hata hiyo ngwai yako utawaambia?"